Marejea Uani kwa Mama Mkwe

Ua wa nyumba ya Chumbageni ulikuwa mchanga mtupu wenye vipande vya matumbawe. Mchicha ukiota, ulikuwa mwembamba na wa manjano. Mama mkwe wangu ndiye aliyeamua tuache kuilaumu ardhi, tuilishe.

"Lundo la taka za jikoni peke yake halina nguvu," aliniambia. "Tulipandie chakula chake."

Ndugu yake wa Mwera akatuletea mbegu za marejea, mmea ambao wakulima huupanda ili kurutubisha udongo. Tuliyapanda kando ya ukuta, na kwenye kona tukachomeka vijiti vya alizeti pori. Majirani walishangaa kuona watu wanapanda kitu kisicholiwa wala kuuzwa, kinastawi, kisha wanakikata kingali laini na kukitupa kwenye taka. Ndivyo tulivyofanya. Tulitandaza majani mabichi, juu yake majani makavu ya mti wa mkungu, samadi ya mbuzi kidogo, maganda ya ndizi na ya mihogo, maji, kisha mabichi tena. Katikati tulichomeka fimbo. Asubuhi mama aliichomoa, akaishika, akanipa nami niishike. Ikiwa ya moto, yaani lundo linaiva, alicheka peke yake.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Sikujua mtu hufundishwaje kitu na mama yake mpaka nilipoolewa pale.

Sikujaliwa mtoto. Mume wangu alikuwa mpole, na sitamsema vibaya. Ila alianza kukawia Muheza kwenye biashara yake ya machungwa, na siku moja akarudi, akaniita ukumbini, akanipa talaka moja kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa amekwisha kuoa huko.

Nilikaa eda mle mle ndani, naye akarudi Muheza kwa mkewe. Eda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe bila kufunga ndoa upya. Mimi na mama tulilijua hilo na hatukulitaja. Tukapanda marejea mengine, mengi kuliko ua ulivyoweza kubeba. Siku moja tumeinama tunayakata, akauliza bila kunitazama:

"Amekupigia simu?"

"Hapana, mama."

"Na jana?"

"Hakupiga."

Alilikata shina alilolishika vipande vidogo vidogo, vidogo kuliko ilivyohitajika. "Nimemsema mpaka nimechoka," alisema. "Nimemzaa mimi, mwanangu, lakini siwezi kumwamulia."

Eda ilipoisha, kaka yangu alikuja kunichukua. Mboji ilikuwa imeiva, nyeusi na laini, haina tena harufu ya taka. Mama alinijazia kiroba, akakifunga kwa kipande cha kanga yake.

"Kwenu Makorora hakuna ua," alisema, "lakini hata kwenye ndoo kitu kitaota."

Nikambusu mkono. Njia nzima kaka yangu alidhani namlilia mume, nami sikumwambia kwamba nilikuwa namlilia mama.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kumsalimia. Nilipiga hodi kwenye mlango ambao zamani nilikuwa nikiufunga mwenyewe kila jioni. Mke mpya alikuwa amehamia pale, mjamzito. Alinikaribisha vizuri, akaniletea juisi ya ukwaju, na wema wake ndio ulionishinda. Mama alinishika mkono tukaenda uani. Marejea hayakukatwa, maganda yake yalikuwa yamekauka, upepo ukipita mbegu zinagongana ndani. Alichomoa fimbo kwenye lundo, akanipa. Ilikuwa baridi.

"Mgongo hauniruhusu tena kulipindua," alisema. "Na yule binti simwambii, hali yake unaiona."

Nilinyoosha mkono kuchukua jembe. Nikamwona yule binti amesimama mlango wa jikoni ananitazama, si kwa ubaya, ila kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani kwake. Nikaurudisha mkono. Mama aliona. Alinikung'uta vumbi begani, ingawa halikuwapo.

Baada ya hapo tukawa tunasalimiana kwa simu. Kila mara aliuliza kama nimekula.

Habari za kifo chake niliambiwa na muuza samaki wa mtaa ule, sokoni, akidhani najua. Nilikwenda na kanga niliyokuwa nimevaa. Ndani wanawake walikuwa wamejaa mikekani, nikapata nafasi karibu na mlango wa chumba chake. Bibi mmoja wa kutoka Pangani, nisiyemjua, alikuwa ameketi pembeni yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia.

"Pole, mwanangu," alisema. "Wewe ni nani wake marehemu?"

Nilifungua mdomo. Ukwe ulikwisha kukatika. Binti yake sikuwa, hakunizaa.

"Jirani," nilisema.

"Basi sogea kidogo, mama, wenyewe wapate pa kukaa."

Nikasogea.