Leso za Mama Zimetundikwa Kichwa Chini

Saa nane mchana, jua la Malindi limewafungia watu ndani, lakini mlango wa Bi Mahfudha Seif uko wazi. Amekaa mkekani katika ukumbi wa nyumba yake, mtaa wa Shela, miguu ameinyoosha, kastabini iko kidoleni na mkasi umelala pajani. Mbele yake pametandazwa vipande vya leso: vyekundu, vyeusi, vya manjano, vingine vimefifia kwa kufuliwa. Anakiokota kimoja, anakinusa, halafu anakikata kwa ukali kana kwamba kitambaa ndicho kilichomkosea.

"Usinitazame hivyo," anamwambia mwandishi. "Hasira zangu hizi, mkasi hauzimalizi."

Ana haki ya kukasirika. Atakayeisikia habari yake asipate uchungu, basi huyo ajiulize moyo wake umetengenezwa kwa nini.

Bi Mahfudha ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa chumba cha mashuka katika hoteli moja ya kitalii iliyoko ufukweni. Akishona mapazia yaliyochanika, akitia viraka mashuka, akirudishia vifungo vya sare za wahudumu. Kazi hiyo ndiyo iliyomlishia watoto wanne baada ya mumewe kufariki.

Lakini kazi ya roho yake ni nyingine. Ni mifarishi. Jioni akishamaliza ya jikoni, huunganisha vipande vya leso kuukuu, akatia usufi katikati, akaweka bafta chini, halafu akaushona wote kwa mkono mpaka maua ya leso hii yaingiane na maua ya leso ile. Hauzi. Humpa bibi harusi, humpa mzazi aliyejifungua, humpa jirani aliyeunguliwa na nyumba. Mpaka sasa ameshona thelathini na mmoja, na hakuna miwili inayofanana.

"Wenzangu hupenda kukaa barazani wakapiga soga," anasema. "Mimi raha yangu sindano. Hakuna aliyenituma wala aliyenifunza ila mamangu."

Mama huyo, Bi Hafidha, ndiye chanzo cha yote. Alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini. Miaka ya sitini, ghasia zilipozidi huko, alishuka Malindi na watoto na furushi moja tu, na ndani ya furushi hilo mlikuwa na leso. Sufuria aliziacha. Kitanda alikiacha. Leso hakuziacha.

Alipofariki mwaka 1984 alikuwa nazo pea ishirini na moja. Kila mwanamke wa pwani anajua kuwa leso huuzwa mbili mbili, moja ya kiunoni na moja ya kichwani, zimechapwa ua moja na maandishi mamoja. Bi Hafidha aliacha wasia wa ajabu kidogo: asipewe mtu mmoja pea nzima. Bintiye achukue moja katika kila pea, na ya pili apewe ndugu au jirani.

"Tulimuuliza kwa nini atutenganishie leso," Bi Mahfudha anakumbuka. "Akasema, 'Mkiwa nazo zote mtakaa kila mtu kwake. Mkigawana, mtatafutana.'"

Basi zikagawanywa hivyo. Bi Mahfudha akabaki na leso ishirini na moja, na wenzi wa leso hizo wakatawanyika, kuanzia Shela hadi Mambrui, hadi Ngomeni. Kwa zile zake akaanza kushona mfarishi mmoja mkubwa. Ulimchukua miezi kumi na minne. Una vipande mia mbili na kumi na vinne, na juu, upande wa kulalia kichwa, aliweka pindo jeusi la leso ambayo mamake aliivaa siku waliyowasili Malindi.

Desemba iliyopita alikwenda nao kazini, amalizie ukingo saa ya chakula. Mpambaji wa hoteli, mama mmoja aliyeletwa kutoka Ulaya, akapita, akauona, akashika mashavu kwa mshangao. Akaomba auazime wiki moja tu awaonyeshe wageni.

"Nikamwambia chukua. Mtu amekusifu kazi yako, utamnyima?" anasema Bi Mahfudha. "N'limuazima. Sikuuza, sikutoa zawadi. N'limuazima."

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa minne. Kila akiuliza anaambiwa mama yule yuko Nairobi, mama yule yuko likizo. Na kujionea mwenyewe hakuweza, maana wafanyakazi wa chumba cha mashuka huingilia mlango wa nyuma, na ukumbi wa wageni kwao ni marufuku. Miaka kumi na tisa mtu anashona mapazia ya ukumbi ule, na ameukanyaga mara tatu!

Aliyemfungulia macho ni Kache, msichana wa Kigiriama anayepiga deki hapo ukumbini. Asubuhi moja ya Aprili alimfuata, akamshika mkono.

"Bi Mahfudha, uniwie radhi. Nimekaa nalo siku nyingi, naogopa. Njoo ulole mwenyewe."

Akenda. Akauona mfarishi wake ukutani, umetiwa fremu na kioo, unamulikwa taa. Pindo jeusi la juu halikuwapo. Lilikatwa, kwa kuwa fremu ilikuwa fupi. Na kwa kuwa lile pindo ndilo lililoonyesha kichwa kiko upande gani, waliobaki na mkasi mkononi hawakujua juu wala chini. Maandishi yote ya leso za Bi Hafidha yalikuwa yamepinduka.

"Wamemtundika mamangu kichwa chini, miguu juu," anasema. "Wahudumu wote wanasoma Kiswahili. Walipita hapo kila siku na sinia zao, wakaona, wakanyamaza. Simlaumu mtu, kila mtu ana watoto. Lakini wallahi iliniuma."

Chini ya fremu palikuwa na kibao cha shaba. Labda walidhani hatakisoma. Hawakujua kwamba Bi Mahfudha alisoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, miaka miwili, kila alasiri, na bado kijitabu chake kiko kabatini. Kiingereza hakijui, lakini majina anayasoma. Akatafuta lake mara mbili. Aliloliona ni la mpambaji.

Alikwenda moja kwa moja kwa meneja kuudai mfarishi wake, lakini hakuaminiwa. Siku ya pili akarudi tena na leso mkononi, ya jirani yake Bi Mishi, mwenzi wa mojawapo ya zile zilizo ukutani. Akaitandaza juu ya meza: ua lile lile, maandishi yale yale.

Jibu alilopewa analikariri neno kwa neno, kwa kuwa halijamtoka kichwani. Aliambiwa leso kama hizo zimejaa sokoni. Aliambiwa yeye ni fundi wa kushona tu, na msanii ni yule aliyekuwa na jicho la kuona kwamba kitu kile kinafaa kutundikwa. Halafu akasukumiwa bahasha yenye shilingi mia tatu.

Jicho! Mwanamke kupanga vipande mia mbili na kumi na vinne, akajua wapi pakae jekundu na wapi papumzike jeusi, hilo si jicho. Kukata kwa mkasi na kutundika kinyume, hilo ndilo jicho. Mtu akishangaa kwa nini mafundi wetu hawana majina, na aanzie katika ofisi ile.

Bi Mahfudha hakuigusa bahasha. Alifungua mkufu wa funguo kiunoni, akatoa ule wa chumba cha mashuka, akauweka juu ya bahasha, akatoka. Akatokea mlango wa mbele.

Huu sasa ni mwezi wa tatu yuko nyumbani. Maisha yamembana. Bintiye Shekha anauza mahamri asubuhi, naye hupokea kazi ndogo ndogo za kukunja mapindo ya suruali. Lakini habari ilipoenea, wanawake walianza kubisha hodi. Wa kwanza alikuwa Bi Mishi, na leso yake ile ile.

"Nimekuletea mwenziwe. Anza," alimwambia.

Tangu hapo zimefika kumi na tisa. Nyingine bado mpya, zinanuka udi wa kabatini. Moja kutoka Ngomeni imebebewa watoto watano mgongoni na imebaki nusu, lakini aliyeileta alilia kwa kuiona nusu ile ikipata mahali. Juzi Kache naye alikuja na kitu amekifumbata. Ni lile pindo jeusi. Alilikuta jikoni hotelini, linafutiwa vioo.

Bi Mahfudha amelifua mara tatu. Leo analishona mahali pake, upande wa kichwani wa mfarishi huu mpya, na kwa mara ya kwanza katika mifarishi yote aliyoshona, pembeni amedarizi maneno: *Mahfudha binti Seif, Shela, 1987*.

Anataka kumaliza kabla ya Idd kubwa. Siku hiyo atautundika ukutani nje, upande wa barabara ya kuendea hoteli, watu wausome wakipita. Sikukuu ikiisha, wenye leso watauteremsha, wataukunja, na wote watafuatana nao hadi hotelini, kwa mlango wa mbele, kuudai ule wa kwanza.

"Na wakikupa pesa zaidi?" anaulizwa.

Anauma uzi kwa meno, anaulaza mfarishi mapajani na kuunyoosha kwa kiganja, kuanzia kichwani kwenda miguuni.

"Pesa wakae nazo. Mimi nataka wamteremshe mamangu."