Jina la Mama Mkwe

Kutoka Mubi hadi kwenye dirisha la konsula nilitumia siku kumi na mbili. Tano za kwanza zilipita nikiwa juu ya Fuso, nimeketi kwenye bidoni za mawese, nimekumbatia mfuko wa plastiki wenye koti ndani. Koti lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la mwenye duka nililofanyia kazi, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki ambaye hakukosa misa hata risasi zilipokuwa zikilia mlimani. Alikuwa amelivaa mara moja tu, kwenye ubatizo wa mtoto wake wa nane. Alinikabidhi mbele ya wateja ili mashahidi wawepo, kisha akaniongezea shauri.

"Batakuuliza neno moya, ujibu neno moya," aliniambia. "Usiende kuhubiri kule."

Nilikuwa naenda kuhojiwa ili nipewe viza ya kumfuata mke wangu ng'ambo. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka minne. Vita viliporudi Masisi, mimi nilikuwa Mubi nikipakua mizigo, yeye alikuwa kwa mama yake Nyamitaba, huko huko Masisi, na barabara ikakatika katikati yetu. Yeye alikimbilia mashariki pamoja na majirani, akavuka mpaka, akaishia kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini ndege ikamchukua hadi nchi yenye theluji. Mimi nikabaki upande wa msitu nikiuza misumari na betri za redio. Jambo hili liliwachekesha sana watu wa Mubi. Tangu nimalize shule ya sekondari nilikuwa sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya misimu miwili ya mvua. Miguu yangu ilikuwa ikiwasha. Sasa aliyefika mbali alikuwa mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuwa amefika hata Goma.

Dosie yetu, yaani faili la maombi ya viza, ilizunguka maofisini mpaka nikazoea kutoingoja. Ndipo ukaja ujumbe: nifike siku fulani, nilete ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli. Nilielezwa kwamba wako watu wanaonunua ndoa kama wanavyonunua tikiti ya basi, kwa hiyo kazi ya konsula ni kushuku. Akikushuku mpaka mwisho, dosie inafungwa, na mke wako anabaki kule na wewe huku.

Kwenye kizuizi kimoja cha kamba, baada ya Walikale, askari aliniuliza naenda wapi. Nikasema kwa mke wangu. Akauliza iko wapi huyo mwanamke. Nilipomtajia nchi, alimwita mwenzake aje asikie na yeye. Walikubaliana kwamba mtu mwenye uongo mzuri namna hiyo asilipishwe, wakateremsha kamba, wakanipa na salamu za kumpelekea.

Ushahidi wenyewe, yaani picha za harusi, ulikuwa Nyamitaba kwa mama mkwe. Hapo ndipo penye shida. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hataji jina lake. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo, uzeeni mikono yake itatetemeka hata kijiko kisifike mdomoni. Kuna mbuzi anayetolewa ili kulegeza mambo, baada ya hapo mnaweza kutazamana kama binadamu. Mbuzi wangu nilikuwa nimemnunua na kumtanguliza huko, lakini vita vilifika Nyamitaba kabla yangu, na wenye njaa walimla bila kuuliza ni wa nini. Kwa hiyo katika miaka yote ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa mgongo, kwa sauti, na kwa mkono mmoja uliokuwa ukisukuma sahani ya viazi kutoka nyuma ya mlango.

Niliteremka Bihambwe, nikapanda pikipiki hadi Nyamitaba. Nilikaa uani kwenye kigoda, mama mkwe akiwa jikoni nyuma ya ukuta wa mbao wenye nyufa, na katikati yetu akasimama shemeji, mdogo wa mke wangu, kupitisha maneno ambayo wote wawili tulikuwa tukiyasikia vizuri kabisa.

"Mwambie mukwe wetu picha iko mu sanduku," ilisema sauti ya jikoni.

"Mama anasema picha iko mu sanduku," akasema shemeji.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Na mimi nimesikia," ikasema sauti ya jikoni.

Picha zilikuwa kumi na nne. Sikuzitazama, niliziingiza kwenye mfuko wa koti na kuondoka, kwa sababu aliyepika hawezi kutoka jikoni mpaka mkwe aondoke, na moshi ulikuwa mwingi.

Kutoka Goma nilivuka mpaka, nikapanda basi kwenda mji mkuu wa nchi jirani. Barabara ilikuwa laini mno hata sikuweza kusinzia. Asubuhi ya mahojiano nilivaa koti. Lilikuwa limenywa mawese kwa siku tano, na kwenye foleni watu waliniachia nafasi ya kutosha mbele na nyuma.

Konsula alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, nyuma ya kioo kinene. Pembeni yake alikaa mkalimani, mwanaume mnene aliyesema Kiswahili cha redio. Niliinua mkono wa kuume nikaapa kusema kweli tupu. Konsula akauliza nilikutanaje na mke wangu.

"Jibini," nikajibu.

Mkalimani alinitazama. Akaniomba nirefushe kidogo. Ikabidi nieleze kwamba mwenye duka alikuwa amenituma Nyamitaba kununua jibini, na binti aliyekuwa akiipima alikataa kunipunguzia bei, nami nikarudi mwezi uliofuata, na ule uliofuata, mpaka mwenye duka akauliza nani anakula jibini yote ile. Konsula aliandika. Akauliza mahari ilikuwa nini. Nikasema ng'ombe. Akauliza mke wangu ana ndugu wangapi. Nikasema sita. Mambo yalikuwa yakienda kama pikipiki kwenye mteremko.

"Jina la mama mkwe wako?" mkalimani akatafsiri.

Nikanyamaza.

Kila mtu anaweza kufikiri kwamba ningelisema haraka na kumwomba Mungu msamaha. Nilikuwa nimekula kiapo, mke wangu alikuwa akinisubiri, na mama mkwe alikuwa mbali na kile kioo kwa siku kadhaa za safari. Lakini ulimi una adabu zake. Nilifungua mdomo, jina likakataa kutoka. Nikasema ni mama wa mke wangu. Mkalimani akasema hilo wanalijua. Nikasema jina liko kwenye karatasi, mke wangu alilijaza. Akasema karatasi konsula ameisoma, sasa anataka kusikia mdomo. Nikashauri yeye mkalimani alitaje, mimi nitikise kichwa. Konsula akakataa, kichwa, alisema, kinaweza kutikisika kwa jina lolote. Nilitazama mikono yangu juu ya kaunta. Ilikuwa tayari inatetemeka, na jina nilikuwa sijalitaja.

Konsula aliweka kalamu chini. Nilijua kalamu ikilala hivyo dosie nayo inaelekea kulala, nikaona shauri la mwenye duka halinisaidii tena. Nikahubiri. Nilieleza shamba, kijiko, mbuzi aliyeliwa, ukuta wa jikoni. Mkalimani alitafsiri huku jasho likimtoka. Konsula alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba picha.

Alizipanga kwenye meza moja moja. Mimi na mke wangu na padri. Mimi na ng'ombe. Wajomba, keki, kwaya. Akaweka kidole kwenye mwanamke aliyefunga kitambaa cha buluu, ambaye katika picha moja alikuwa ameipa keki mgongo.

"Ni nani huyu?"

"Njo yeye, mama wa mke wangu."

"Mbona amegeuka?"

"Kwa sababu mimi niko pale."

Alimtafuta kwenye picha nyingine. Mgongo wa buluu nyuma ya kwaya. Mgongo wa buluu kando ya ng'ombe. Katika picha ya mwisho, familia nzima imesimama mlangoni, na katikati yao kuna kitu kilichofunikwa kitenge kuanzia juu hadi chini, mfano wa kabati linalohamishwa. Konsula akauliza hicho ni nini. Nikasema ni yeye pia. Mpiga picha alikuwa amekataa kumpiga mgongo kwa mara ya tano.

Ndipo konsula akavuta dosie, akafunua kurasa za nyuma mpaka akapata karatasi aliyokuwa akiitafuta. Ilikuwa ya mahojiano ya mke wangu, kule kwenye theluji. Mkalimani alinisomea: alipoulizwa jina la baba mkwe wake, mke huyu aliinama, akaomba aliandike badala ya kulisema, na akasema wamuulize mume wake. Mwandishi wa karatasi alikuwa ameongeza alama ya kuuliza kubwa.

"Basi nakuuliza," konsula akasema. "Baba yako anaitwa nani?"

Nililitaja jina la baba yangu kwa sauti iliyomfanya mlinzi wa mlangoni ageuke.

Konsula alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba watu wanaonunua ndoa huyakariri majina kwanza kabla ya kitu kingine; hajawahi kuona waliokariri kunyamaza. Akapiga muhuri, akaniambia nirudi baada ya siku saba kuchukua pasipoti. Nilipokuwa nikikusanya picha, mkalimani alisogea kwenye kitundu cha kioo akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kwetu kuna dawa ya mtu ambaye ameshalitaja jina la mama mkwe wake. Nikasema sijui. Akatazama mikono yake.

Kabla ya kupanda ndege nilikuwa na majuma mawili. Koti nililirudisha Mubi kwa mkono wa dereva wa Fuso. Nilisikia baadaye kwamba lilivaliwa kwenye ubatizo wa tisa na kanisa zima lilitamani mandazi. Mimi nilipanda Nyamitaba na mbuzi, safari hii mzima, nimemshika kamba mwenyewe. Nilitaka nimwone mama mkwe uso kabla sijaondoka. Nilikaa kwenye kigoda, shemeji akasimama mahali pake, nikasimulia yote. Kicheko cha jikoni kilisikika, kisha kikohozi cha moshi.

"Mwambie angelitaja, ningesikia," ilisema sauti.

Shemeji akanipitishia. Kisha ikafika zamu ya mbuzi.

"Mwambie mbuzi ni muzuri, nitamuchunga. Lakini haya hii ya ukwe tusiimalize leo. Tukiisha kuonana, huyu mwenye miguu ya kuwasha atakuwa na sababu gani ya kurudi?"

Shemeji hakuyarudia maneno hayo. Nami sikumwambia amwambie kwamba nimesikia.

Nimehama miji mingi tangu hapo, sasa na mke wangu, na mbuzi huyo lazima ameshazaa na wajukuu wake wamezaa. Asubuhi niliyoondoka Nyamitaba, pikipiki ilipofika njia kubwa, tulimkuta mama mkwe amesimama ukingoni, kitambaa cha buluu kichwani, amenipa mgongo kama ipasavyo. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Tulipompita niligeuza uso wangu shambani, na nilipoona tumekuwa mbali nikatazama nyuma. Yeye naye alikuwa ameshageukia upande mwingine, na mkono wake mmoja, nyuma ya mgongo, ulikuwa unanipungia.