Laini Mbili na Adabu Nyingi

Nilimwahidi mama mwenye nyumba wangu, pale Iyunga, kwamba angezungumza na binti yake kabla ya saa tisa alasiri. Ilikuwa ahadi nyepesi. Nilikuwa mhudumu wa kituo cha simu Mbeya, tena mwenye stashahada. Kama si mimi, nani angemfikishia sauti yake Dar es Salaam?

Binti alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda kusomea uuguzi ng'ambo. Baba yake alikuwa ameapa kutompa baraka, na asubuhi ile, baada ya kununa msimu mzima, akatamka kwamba amekubali. Kisha akarudi shambani, kwa kuwa kununa kulikuwa kumechelewesha palizi. Kazi ya kulifikisha neno hilo alimwachia mkewe, na mkewe akaniachia mimi.

Chuoni nilisomea kompyuta. Mwalimu alichora ubaoni prosesa mbili, yaani bongo mbili za kompyuta, zinazotumia vifaa vilevile, akatuonya: moja imeshika kufuli la kifaa cha kwanza na inangoja la pili, nyingine imeshika la pili na inangoja la kwanza, zitangojeana hadi umeme ukatike. Dawa, alisema, huwekwa ndani kabisa, katika kiini cha programu inayogawa kazi: prosesa zote zichukue makufuli kwa mpangilio mmoja, la kwanza kisha la pili, hata kama unalolitamani zaidi ni hilo la pili. Niliandika yote kwa wino mwekundu. Baadaye nikapangiwa kituo kisicho na kompyuta, katika mkoa usio na kompyuta, ili elimu yangu isichakae kwa kutumika.

Tulikuwa na laini moja ya kwenda Iringa. Iringa nao, siku ile, walikuwa na laini moja tu iliyo hai ya kwenda Dar. Simu baina ya Mbeya na Dar ilizihitaji zote mbili. Kanuni ya kazi ilikuwa ya kiungwana: mhudumu asiachie laini aliyomshikia mteja, wala asiulize jina la mteja wa mwenzake.

Nikachomeka plagi kwenye laini ya Iringa, kisha nikamwita dada mhudumu wa huko kwa waya wetu mwembamba, ule usiobeba wateja.

"Kamwene, dada. Nipe Dar."

"Kamwene, msomi. Dar ninayo, ila nimemshikia mteja anayetaka Mbeya. Nipe Mbeya."

"Mbeya ninayo mimi, nimemshikia mteja anayetaka Dar."

"Basi tushikilie."

Tukashikilia, kwa uaminifu ambao ungepongezwa na kikao chochote. Mama alisimama mbele ya kaunta akitazama saa ya ukutani.

"Mwanangu, imekataa?"

"Haijakataa, mama. Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

Nilimweleza kwamba hilo ni suala la kitaalamu.

Hatimaye niliamua kuvunja kanuni. Nikachomoa. Wakati uleule dada wa Iringa, ambaye hakubali kushindwa ustaarabu, naye akachomoa. Laini zote mbili zikawa tupu. Kila mmoja akaona nafasi, akashika tena ya kwake. Tukaombana radhi, tukaachiana, tukashika upya.

"Kaka, hii ni kazi au tunacheza kombolela?"

Ndipo nikaukumbuka ule wino mwekundu. "Dada, tufuate mpangilio mmoja. Laini ya Dar ishikwe kwanza, ya Mbeya baadaye, simu itoke upande wowote. Asiye na Dar asiguse Mbeya."

"Safi sana, msomi. Na Dar anayo nani?"

"Wewe."

"Basi toa mkono wako Mbeya."

Nilikuwa nimetunga kanuni ya haki kabisa, na mtu wa kwanza kuumizwa nayo alikuwa amesimama mbele yangu. Ilikuwa tisa kasorobo. Nikamwambia mama kwamba nalazimika kumpisha mteja mwingine.

"Uliniahidi," alisema, bila kupandisha sauti.

Nikachomoa plagi, safari hii bila kuirudisha.

Taa ya laini ya Iringa ikawaka. Sauti ya msichana, kutoka Dar, ikaomba radhi kwa usumbufu, ikauliza kama kuna mtu anayeweza kutumwa Iyunga akamwite mama yake.

Nikampa mama mkono wa simu. Kanuni ilinikataza kusikiliza, kwa hiyo nilisikiliza kidogo tu: baba amekubali, alisema, amekubali mwenyewe, kwa kinywa chake. Upande wa pili mtu akavuta kamasi.

Niliandika pendekezo la mpangilio ule. Kamati ya Mbeya imelipokea kwa furaha, na haitalipitisha hadi kamati ya Iringa iridhie. Kamati ya Iringa imefurahi vilevile, na inasubiri Mbeya ipitishe. Mama, kila anipapo uji, huniuliza kama limekataliwa. Namjibu kwamba halijakataliwa, linasubiri.

Msomaji, kama wewe ni mjumbe wa mojawapo ya kamati hizo, naomba uanze wewe.