Mlango wa Sweta ya Kwaya

Muuzaji wangu wa mitumba pale Kawangware aliwahi kuniuliza kama mimi ni polisi. Wateja wengine wakiokota sweta huiweka kifuani, hujipima, huuliza kama hakuna iliyo ndogo kidogo. Mimi huipindua ndani nje na kuanza kukagua mishono: kwapani, ubavuni, begani. "Mum, kwani huwa unatafuta nini huko ndani?" akaniuliza. Nikamwambia nataka kujua iliungwaje. Akanitazama kwa huruma, akaniachia rundo zima la fagia nichakure nitakavyo.

Fagia ni nguo za mwisho kabisa. Robota likifunguliwa, wenye macho makali huondoka na kamera, yaani zile safi zinazoonekana kama hazijawahi kuvaliwa. Wanaofuata huchukua za kati. Kinachobaki sakafuni, chenye tundu la nondo au doa la rangi au mkono mmoja uliovutika, ndicho fagia. Mimi naishi kwa fagia. Nina chumba kimoja cha ushonaji Riruta, karibu na barabara ya Naivasha, na humo sweta ya mtu mnene wa ng'ambo inaweza kutoka ikiwa sweta mbili za watoto, kofia moja, na soksi za kulalia zilizotokana na mikono. Nikipata ya sufu nzuri naifumua yote, naosha uzi, nauning'iniza na kopo la maji chini yake ili unyooke, kisha nafuma upya.

Ndiyo maana napindua. Sweta nyingine hukatwa kutoka kitambaa kikubwa kilichofumwa, halafu vipande vikaungwa kwa mashine ya overloki. Hizo ukizifumua unapata vijiuzi vya urefu wa mkono, takataka tupu. Nyingine hufumwa kila kipande kwa umbo lake, vikashonwa pembeni kwa uzi mmoja, na hizo ukiupata huo uzi wa mshono ukauvuta, sweta nzima inakufungukia bila mkasi. Kwa nje huwezi kujua. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hadi leo kila nikipindua moyo hunidunda kidogo.

Nayasema haya mapema ili aibu yangu ieleweke vizuri baadaye.

Mwaka juzi dada yangu mkubwa alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja kule Upper Hill. Titi la kushoto liliondolewa lote, pamoja na tezi za kwapani. Akaja kukaa kwangu Riruta hadi apate nguvu. Alipona vizuri na madaktari waliridhika, ila mkono ulikuwa na maneno yake. Ulipanda mpaka usawa wa bega, na hapo ukakwama. Kila asubuhi alifanya mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, nami nikamwekea alama kwa chaki ya kushonea. Zile alama zilipanda kidogo kidogo, kisha zikagoma.

Dada yangu ni mwanakwaya, na si wa kuja akijisikia. Ni wa sauti ya pili, mstari wa mbele, miaka na miaka, na juu ya hayo ndiye msimamizi wa sare. Sare yao ni sketi nyeusi, blauzi nyeupe, na sweta ya rangi ya damu ya mzee yenye shingo ya V, ya kuvalia kichwani. Zote zilifumwa zamani na fundi mmoja wa hapa Riruta anayefuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Zimefuliwa na kupauka pamoja mpaka zikapata rangi yao wenyewe, ambayo hakuna duka linaloiuza, wala fundi mwenyewe hana tena uzi wake. Sheria yao ni moja: bila sare husimami na kwaya, unakaa na waumini wengine.

Dada yangu aliilinda sheria hiyo kama askari wa benki. Nakumbuka Jumapili moja, kabla hajaugua, akimzuia mama mmoja wa sauti ya kwanza mlangoni pa chumba cha kwaya. Yule mama alikuwa amevaa kardigani iliyokaribia rangi ileile.

"Mama, hiyo ni kardigani," dada yangu akasema. "Sare yetu haina vifungo."

Mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba sweta yake ilipotea.

"Basi ikipatikana utakuja."

Yule mama akaenda kuketi nyuma, na hakusimama na kwaya tena. Mimi nilicheka siku hiyo. Niliona ni ule ukali wa dada yangu wa kila siku.

Sasa sweta yake mwenyewe ilikuwa imekunjwa kitandani kwangu, na mkono hauendi juu. Tulijaribu mara moja. Ikakwama usoni, yeye humo ndani akilia au akicheka, sikujua, nikaivua haraka. Mwenyekiti wa kwaya alipiga simu akasema aje vile alivyo, kila mtu ataelewa. Dada alikata simu akiwa amenuna.

"Nimerudisha watu kwa sababu ya sketi ya kijivu," aliniambia. "Leo mimi nisimame pale na shali kama mgeni wa heshima? Ni sare ama nikae nyuma mpaka nife."

Zilibaki wiki tatu hadi Jumapili ya shukrani ya mavuno. Akaniangalia kwa yale macho ya utotoni, ya kunituma dukani.

"Si wewe ndiye fundi wa masweta? Ifanyie kitu niweze kuivaa. Lakini isionekane."

Isionekane! Kama si neno hilo ningeifungua katikati nikaweka zipu, kazi ya saa moja. Lakini hiyo tayari ni kardigani, na kardigani alishaihukumu mwenyewe. Na sweta ilikuwa hiyo moja tu. Nikiiharibu, dada yangu hangesimama tena na kwaya, na kwa jinsi nilivyomwona akikaa dirishani siku hizo, niliogopa hangesimama tena na chochote.

Nikachukua sweta ya fagia nifanyie majaribio. Nikapanga kufungua begani, na kwa kiburi changu nikakata bila kushona kwanza. Macho ya uzi yakaanza kuachana, yakateremka ngazi kwa ngazi hadi kifuani, nami nimeshika mkasi nikitazama. Dada alikuwa kwenye kigoda akitoa minji kwenye maganda.

"Kumbe ndivyo ulitaka kunifanyia," akasema, akaendelea na minji zake.

Nikaenda kwa yule fundi wa sweta za shule. Nilimkuta akisukuma kigari cha mashine yake huku na huku, krr, krr, bila kuangalia. Nilipomwonyesha maafa yangu alicheka hadi akavua miwani.

"Sasa madam, ulikata kutoka juu? Sweta hufumuka kutoka mahali ilimalizikia. Mahali ilianzia haifumuki hata uivute mpaka kesho."

Akachukua mkono wa sweta ya shule, akavuta uzi upande wa bega, ukakimbia. Akanipa upande wa kifundo cha mkono nivute. Nikavuta, ukajikaza fundo. Nikavuta tena. Nilikuwa nimefumua sweta maisha yangu yote, nikianzia juu kwa mazoea, vidole vinajua, na sikuwahi hata siku moja kuuliza kwa nini. Asubuhi yote nilikaa kwake nikivuta nyuzi za upande huu na ule, nikimchelewesha kazi ya watu.

"Ukilazimika kukata, shona mistari miwili kwanza, ukate katikati yake," akaniambia nikiondoka. "Lakini kabla ukate, angalia vizuri."

Nilidhani anazungumzia mkasi.

Ikabaki wiki moja. Mashine nilishaipaka mafuta, chaki nilishaichonga, na sweta sijaigusa. Kila siku nilipata sababu: leo hakuna stima, kesho kuna mteja wa haraka. Dada akanichoka.

"Unaogopa kupasua sweta?"

"Fundi hapasui," nikamjibu. "Fundi anakata."

"Mimi nilipasuliwa. Hakuna mtu aliniambia nimekatwa."

Lugha yetu imempa daktari kitenzi kimoja na mpasua kuni, na sijui ni nani aliyeona hilo linafaa.

Nikamwambia ukweli. Sikuogopa mkasi. Sikujua mlango niuweke wapi, kwa kuwa sikujua anaumia wapi. Miezi mitatu alikuwa nyumbani kwangu, nikimpikia, nikimfulia, nikimngoja nje ya bafu asije akateleza, na kila alipobadilisha nguo niligeukia ukuta. Nilijiambia ni heshima. Ulikuwa woga mtupu.

"Basi angalia," akasema, akafungua blauzi.

Nikaangalia. Kwanza kama dada, na machozi yakanilenga. Halafu, Mungu anisamehe, kama fundi. Mshono ulianzia karibu na katikati ya kifua ukaenda hadi chini ya kwapa, mwembamba, umenyooka vizuri kabisa. Pale mwisho, ngozi ilikuwa imejikunja kidogo, vile kitambaa hujikunja ukiunga ukingo mrefu na mfupi.

"Hapa daktari alibakisha kitambaa," nikasema, mdomo ukiwa umenitangulia.

Dada akainama kutazama. "Hata wewe hubakisha kwa mikono. Umesahau gauni langu la harusi?"

Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Nikamuuliza alishonwa kwa uzi gani. Hakujua, uliyeyuka wenyewe humo ndani. Uzi unaoyeyuka! Nikataka kujua yote. Uliyeyuka kwa siku ngapi? Nikigusa hapa, unasikia? Hapa hasikii kitu. Hapa ni ganzi. Hapa, kwapani, kuna kitu kama kamba kinachovuta akiinua mkono, kinateremka hadi kiwiko. Alinijibu moja baada ya jingine, bila haraka, na nikatambua kwamba muda huo wote alikuwa akingoja mtu amuulize.

"Basi mlango ni ubavuni," nikasema. "Kuanzia kiunoni, upite kwapani, uingie mkononi."

Nikachukua sweta nikaipindua ndani nje ili nipime.

Sikuwa nimeipindua hata mara moja. Mimi, ninayeulizwa kama ni polisi kwa kupindua sweta za watu nisiowajua, hii nilikuwa nimeizunguka wiki mbili ikiwa imekunjwa. Ndani, ubavuni, kulikuwa na mshono wa sindano, wa uzi uleule, huko ambako jua halijafika na damu ya mzee ingali imeiva. Yule fundi wa sweta za shule alikuwa amefuma kila kipande peke yake akaviunga kwa mkono. Hakukuwa na haja ya kupasua chochote. Nikatafuta fundo, nikalikata, na hicho ndicho kitu pekee mkasi wangu ulikata siku hiyo. Nikavuta. Uzi ukaja, kutoka kiunoni, ukapita kwapani, ukaingia mkononi, nikausimamisha kwenye kiwiko. Dada aliushika ule uzi akauzungusha kidoleni, akashangaa ulivyo mrefu.

Nikatia utepe kwa ndani na safu ya vifungo vidogo vya kubana. Angeingiza mkono wa kulia na kichwa, kisha upande wa kushoto ungemfunika na kubanwa. Mkono ukiwa chini, hata mimi niliyeshona sikuona kitu.

Jumapili ya shukrani alisimama mstari wa mbele, mahali pake. Mimi nilikaa benchi la tatu, sikusikia hata neno moja la mahubiri. Ukafika wimbo wa sadaka, ule wa kuinua mikono. Wenzake wakainua. Yeye akainua wa kulia hadi juu, na wa kushoto hadi pale unapofika, kisha, kwa jinsi ninavyomjua, akausukuma kidogo zaidi. Kifungo cha kwapani kikaachia. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Blauzi nyeupe ikachomoza kutoka kwapani hadi kiunoni, mbele ya kanisa zima, ubavuni mwa msimamizi wa sare.

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye alijitazama ubavu, akatazama mbele, na mkono hakuushusha. Aliimba hadi ubeti wa mwisho mlango ukiwa wazi.

Alhamisi iliyofuata, dada akiwa ameketi nami, kulikuwa na hodi kwenye chumba changu cha kushonea. Alikuwa yule mama wa kardigani. Hakutaka kiti. Kutoka kwenye mfuko wa kitambaa akatoa sweta ya damu ya mzee, imepauka sawasawa na zile nyingine, na akaiweka mezani.

"Haikupotea," akamwambia dada yangu. "Niliona ubavu wako Jumapili. Wangu ni wa kulia." Na akagusa kifua chake upande huo, pale ambapo gauni lilikuwa limelala bapa.

Dada yangu aliigusa ile sweta kwa ncha za vidole.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza."

Dada alivuta kigoda, akakipangusa kwa ukingo wa leso yake, akakisogeza karibu na chake. Akaichukua ile sweta, akaipindua ndani nje mapajani pake.

"Kaa hapa," akamwambia. "Nionyeshe panauma wapi."