Nilisoma Kijojia kama Kasuku, Nikavuruga Ruracio ya Dadangu

Nianze na ujinga wenyewe. Kuna wakati niliamini kabisa kwamba watu wa Jojia huzaliwa na makoo mawili, moja la kumezea chakula na lingine la kusemea. Niliambiwa na jamaa tuliyekaa naye dawati moja shule ya jioni, naye aliambiwa na binamu yake aliye Uarabuni. Alisema mgeni akitaka kuotesha koo la pili, ameze viazi vikiwa moto. Nilimeza sufuria nzima! Nilikunywa uji kwa mrija mpaka nikasahau ugali unafananaje.

Naungama: mimi ndiye niliyekosa, na aliyeumia ni dadangu.

Nitamwita Njeri. Alikuwa amepata mchumba kutoka Jojia, ile nchi iliyopakana na Urusi, si ile ya Marekani. Mchumba nitamwita Levani, mhandisi, anakaa mtaa wa Loresho. Na mimi niliyepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, huku mchana nikiuza viatu katikati ya jiji, nilijiona hakuna somo la kunishinda. Nikaamua kujifunza Kijojia kwa simu.

Jamani, hiyo lugha! Herufi zimejikunja kama ndoano na masikio ya paka. Kuna k ya kutoa pumzi, kuna k ya kufunga koo halafu inapasuka kama kifuniko cha soda, na kuna ya ndani kabisa, kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki. T nayo mbili. P nayo mbili. Konsonanti zimebanana kama magari ya Waiyaki Way jioni, huoni hata irabu moja ya kupumzikia. Nilifanyia mazoezi dukani, wateja wakawa wanajipangusa uso kama walionyeshewa.

Nilitamani kuitupa simu. Lakini ukishazijua herufi, Kijojia kinasomeka vile kilivyoandikwa, kama Kiswahili tu. Hapo ndipo niliponaswa. Nikawa nasoma ukurasa wowote kwa sauti, mbio mbio, bila kuelewa hata robo.

Jumapili moja Levani alileta chupa ya sosi kutoka kwao. Nikaishika, nikasoma maandishi yote mbele ya familia, mpaka anwani ya kiwanda. Levani akapiga makofi. Mathe, yaani mama yetu, aliyekuwa tayari anawaza kikao cha mahari, akasema, "Basi mtafsiri wa ruracio tuko naye hapa nyumbani."

Levani alinivuta kando akaniuliza kama nina hakika. Babake hakujua Kiingereza wala Kiswahili, na kulikuwa na mama mmoja wa kwao hapa mjini ambaye angeweza kuja kutafsiri.

"Shemeji, wacha mambo mengi," nikamwambia. "Hiyo kazi niachie."

Ningerudisha siku nyuma, ningeanzia hapo.

Siku ikafika, hema likasimama nyumbani kwetu karibu na Dagoretti Corner. Mnajua desturi ya ruracio: wazee wa pande mbili ndio huongea, na anayetaka mke hukaa kimya. Levani nilimwonya mwenyewe asifungue mdomo. Njeri alikuwa ndani ya nyumba na wanawake wenzake, akingoja kuitwa.

Salamu zilipita vizuri. Kisha babake Levani akasimama na glasi ya soda, kwa sababu mathe ni mtu wa kanisa na mvinyo ulibaki kwa gari. Akaongea kwa muda mrefu. Niliambulia neno moja tu, la mvinyo. Mengine yote yalinipita kama upepo.

Mjomba, msemaji wa upande wetu, akanigeukia. "Mzee anasema nini?"

Mdomo wangu huu! "Anasema shamba lake la mizabibu linatoka hapa mpaka Ngong, na Njeri hatashika sufuria maisha yake yote."

Watu wakacheka, mashangazi wakapiga vigelegele. Mzee akatuangalia mmoja mmoja. Akaendelea, sauti ikiwa chini zaidi, na machozi yakaanza kumtoka.

"Na sasa?" mjomba akauliza.

"Ni furaha. Anasema huko kwao hata ng'ombe hunywa mvinyo."

Hema lote likaangua kicheko. Levani akainuka, uso umemwiva. Mjomba akamgusa bega kwa upole. "Keti, kijana. Leo si siku yako ya kuongea."

Mzee akaweka glasi chini. Hakugusa chakula. Alitembea mpaka kwa gari, na Levani akamfuata. Njeri alipotoka ndani na nguo zake nzuri, alikuta viti vyao vitupu.

Mzee alirudi kwao. Harusi imesimama, na hakuna anayejua kama itafanyika. Njeri hapokei simu zangu. Mathe siku hizi ananiita Mtafsiri, na hacheki akiniita.

Nyinyi mnaojifunza lugha za watu, someni kwa sauti mpaka majirani wahame, sitawakataza. Lakini mtu akisimama kusema jambo lake na hujaelewa, sema hujaelewa. Utaona haya kidogo, basi, yaishe. Mimi niliogopa kuona haya mbele ya mashangazi, sasa nyumba nzima inalipia.

Nilienda Loresho kuomba msamaha. Levani alikuja mpaka getini, hakunikaribisha ndani. Nilimuuliza babake alikuwa amesema nini hasa. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, bila hasira.

"Mama yangu alikufa kabla hajamwona Njeri. Baba aliwaomba msimame, mkae kimya kidogo, mumkumbuke."