Kila Asubuhi Meno ya Mama Yangu Yalipotea kwa Dakika Ishirini

Jamani, niacheni niseme, maana wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mama yangu ana meno ya bandia. Juu na chini, seti nzima. Akilala huyaweka kwenye glasi ya maji karibu na kitanda.

Miezi miwili iliyopita yakaanza kupotea. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, glasi tupu. Ikifika saa moja kasoro dakika kumi, yamo. Yanang'aa, yananukia dawa ya meno ya watoto, ile ya stroberi.

"Mama, meno ulikuwa umeyaweka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Uzee huu."

Nikaamua ni uzee. Sikuuliza tena.

Sasa binti yangu. Ana miaka saba, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Tulimpeleka kliniki ya meno ya watoto, daktari akaona gego la nyuma limeanza kutoboka. Akanitazama mimi, si mtoto.

"Baba Chiriku, hili si jino la utoto. Limeota mwaka jana, na ndilo la maisha. Likifa, hakuna lingine linalokuja."

Akalipaka dawa, kisha akaniwekea programu ya akili bandia. Mtoto akishapiga mswaki, anapigwa picha ya meno, programu inakagua. Kijani, endeleeni. Manjano, ongezeni bidii. Nyekundu, njooni siku hiyohiyo.

Mimi ni fundi simu. Hapo nikajiona nimefika nyumbani.

Nikafunga simu ya zamani kwenye ukuta wa bafuni, kwa kishikio nilichotengeneza mwenyewe. Nikamwita Chiriku.

"Unaiona hii? Ikiwaka nyekundu tu, jino linang'olewa. Koleo hili hapa."

Nikamwonyesha koleo langu la kazini. Nilikuwa natania. Yeye hakucheka.

Siku tatu za kwanza, manjano. Siku ya nne, kijani. Baada ya hapo ni kijani tupu, asilimia mia, mpaka nikawa nawaonyesha wateja dukani. Mtoto anaingia bafuni, anafunga mlango, anajipiga picha mwenyewe. Nikasema huyu sasa amekua.

Picha zenyewe sikufungua hata moja. Mtu ukishaona kijani, unafungua picha za nini?

Wiki ya pili ikatokea ilani: "Meno haya hayalingani na umri uliosajiliwa."

Fundi akiona ilani hafikirii meno. Anafikiria mipangilio. Nikaingia kwenye umri, nikafuta saba, nikaweka kumi na mbili. Ilani ikarudi. Ishirini. Ikarudi. Nikapandisha, nikapandisha. Nilipofika sitini na tano, ikanyamaza.

Nikajipongeza. Hizi programu zina usumbufu wake, lakini mimi hazinishindi.

Wiki tatu zikapita. Jumapili moja tuko mezani, mke wangu ananitazama.

"Chiriku hajasema neno tangu jana."

"Amekua."

"Anatafunia upande mmoja."

Nikamsogezea simu. "Soma hapo. Asilimia mia."

"Mimi nakuonyesha mtoto, wewe unanionyesha simu!"

Akamshika Chiriku kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Shavu la kulia lilikuwa limevimba. Mtoto akaanza kulia hata kabla ya kuguswa.

Kesho yake asubuhi tukawa kliniki. Mama naye akaja. Hakuna aliyemwalika, alikuwa tayari mlangoni na mkoba wake.

Daktari akachungulia mdomoni. Akaomba simu, akafungua picha, akaikuza moja.

Meno mazuri ajabu. Yamepangika, meupe pee. Na pembeni yake, kidole gumba kidogo chenye rangi ya pinki kwenye kucha, kimeyashikilia.

"Baba Chiriku, haya ni meno ya nani?"

Nikayatambua. Akili bandia ilikuwa inakagua meno bandia.

"Na huu umri wa miaka sitini na tano aliuandika nani?"

"Ni mimi."

"Mashine haikudanganyika. Ilikwambia haya si meno ya mtoto."

Mama akakohoa. "Ni yangu, daktari. Nilimpa mwenyewe."

"Mama!"

"Alikuja chumbani analia. Akaniambia, Bibi, baba ana koleo. Ningefanyaje? Na wewe si ndiye uliyesema picha ikiwa kijani mtoto yuko salama? Nikajua tunacheza na picha tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Daktari, hatuwezi kuliziba?"

"Ungemleta wiki ile ya ilani, ningeliziba. Sasa limeoza mpaka kwenye mzizi, na usaha umeshajaa chini yake."

Likang'olewa. Sindano ndogo, dakika tano. Chiriku alinishika mkono, akang'ata pamba kwenye pengo. Tulipofika nje akanivuta shati.

"Baba, kumbe hata haiumi sana. Kumbe ningekuambia tu."

Nikamgeuzia mgongo nijifanye natafuta funguo. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Wenzangu wenye watoto, programu iwekeni, ni nzuri, sina ugomvi nayo. Iliniambia ukweli, nikaifundisha kunyamaza. Ila mwanangu nilikuwa nimemnyamazisha kabla yake, kwa koleo.

Umri nimeurudisha saba. Siku hizi inawaka manjano, nimeiacha na manjano yake. Meno ya mama hayapotei tena. Na kila asubuhi Chiriku anafungua mdomo, namulika kwa tochi ya kazini, jino kwa jino.

Naanzia nyuma, kulia, kwenye pengo.