Matofali 5,040 ya Shemeji Romana

Nyie mnaojiita wasomi, leteni kalamu. Zidisheni moja kwa mbili, kwa tatu, endeleeni mpaka saba. Mmepata 5,040? Haya, anzeni upya: saba kwa nane, kwa tisa, kwa kumi. Mmepata ngapi? Ile ile! Mjomba wenu niliishia darasa la nne, lakini siku nilipoonyeshwa maajabu hayo niliruka nikakanyaga matofali mabichi ya watu.

Ya watu gani? Ya shemeji yangu Romana, Mpimbwe kwa kabila, mfyatua matofali wa mtaa wa Kawajense. Viganja vipana kama sahani, na mdomo ndiyo usiseme. Hesabu zake alizichora kwa kijiti juu ya tofali bichi, halafu analichoma nazo.

Mwaka tisini na nne ukuta wa zahanati ulikwama usawa wa dirisha. Vikundi vikiitwa kusomba matofali, watu wa mtaa wa Majengo wanadai wale wa mtaa wa Makanyagio wamebeba machache, basi wanayabwaga njiani na kurudi makwao. Romana akasimama mkutanoni: "Safari hii nachoma mimi. Kundi moja likizidishiwa hata tofali moja, kazi na tanuru langu apewe Zablon."

Zablon, mchoma matofali mwenzake, alicheka mpaka kofia ikadondoka. Nani angejua vitakuja vikundi vingapi?

Tanuru likafunguliwa, Romana akapanga 5,040 mazima. "Shemeji," akaninong'oneza, "waje wawili, waje saba, waje kumi, yanagawanyika bila kubaki hata moja."

"Na kumi na mbili?"

"Hata hao!"

Kumi na moja sikuuliza. Naye hakuitaja.

Siku ya kusomba vikaja vikundi nane, tisa, kumi! Nikaanza kucheza. Mara vumbi likatimka, mikokoteni ya ng'ombe hiyoo: Mwandu na Wasukuma wenzake, wahamiaji wa mwaka ule ule. Kundi la kumi na moja.

"Warudishe," nikamwambia.

"Umerogwa, shemeji? Watoto wao hawaumwi?"

Akachora chini, akafuta, akachora. Kila kundi 458. Yakabaki mawili.

"Mawili!" Zablon akaruka. "Nani anazidishiwa, dada? Nipe tanuru langu!"

Majengo wakaanza kuwatazama Makanyagio kwa jicho lile lile la zamani.

Romana akayaokota. "Zablon, umekuja na kundi gani?"

"Mimi? Nimekuja kutazama tu."

"Makundi yote yako sawa. Wewe uko peke yako, na hapa hatazami mtu." Akampa moja kila mkono.

Vigelegele! Miluzi! Mwandu akacheka hadi akashika pembe ya ng'ombe asianguke. Zablon akatangulia kama bwana harusi, mimi nyuma yake namwimbia.

Wiki ile ukuta ukavuka dirisha, na tanuru likabaki la Romana. Yale mawili? Yako juu ya mlango wa zahanati. Zablon akileta mtoto kuchomwa sindano, anaingia ameinamisha kichwa, na mlango wenyewe ni mrefu!